Nitajuaje kama mkono wangu umeiva? Maswali ya madaktari wanaojifunza upasuaji wa macho Mwanza

Haya ni maswali ninayoulizwa na madaktari wanaosomea ubingwa wa macho wanapopita Kanda ya Ziwa kujifunza kwa vitendo. Nayajibu nikiwa nimekaa viti vyote viwili vya hadubini, cha anayejifunza na cha anayesimamia. Sikuyapanga kwa umuhimu.

Tunaongelea upasuaji gani hasa?

Mtoto wa jicho, na hasa ule wa kidonda kidogo kisichoshonwa ambao sote tunauita SICS. Huku ndio kazi yetu ya kila wiki, kwa sababu wagonjwa wengi wanafika wamechelewa. Lenzi imeshakuwa nyeupe kabisa, au ya kahawia na ngumu, na mashine ya kuivunja kwa mawimbi ya sauti ni ghali na hupata taabu na lenzi ya namna hiyo. Kwenye SICS unachimba taneli ya milimita 6 hadi 7 kwenye sklera, yaani weupe wa jicho, unafungua kifuko cha lenzi kwa mbele, unatoa kiini kizima, unasafisha mabaki, unaweka lenzi ya kupandikiza, na taneli inajifunga yenyewe. Glakoma, kope na macho ya watoto vina mambo yake na sitavigusa hapa.

Mkufunzi yupo pembeni yangu. Kwa nini nijisumbue kujipima?

Yupo leo. Ukimaliza masomo utapangiwa hospitali ambako daktari wa macho ni wewe peke yako, na mwenzako wa karibu yuko ng'ambo ya maji. Huko hakuna atakayekuambia kwamba siku hizi taneli zako zimeanza kuwa nyembamba mno.

Ukiwa mafunzoni una mtu wa kukusahihisha mambo mawili: upasuaji wenyewe, na makadirio yako ya upasuaji huo. La kwanza kila mtu analidai. La pili watu wanalisahau, halafu wanaondoka na mkono mzuri lakini hawajui kama ni mzuri, au na mkono mbovu wakidhani ni mzuri.

Kwani mtu mzima, tena daktari, hajijui?

Hajijui sana. Mwaka 2006 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha uchambuzi wa tafiti zilizolinganisha namna madaktari wanavyojipima na vipimo vya watu wengine. Kati ya milinganisho 20, 13 ilionyesha uhusiano mdogo, au hakuna kabisa, au uhusiano wa kinyume. Kabla ya hapo, mwaka 1999, Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwapa wanafunzi majaribio ya mantiki, sarufi na ucheshi. Kundi la mwisho, ambalo kwa wastani liliangukia nafasi ya 12 kati ya 100 ukihesabu kutoka chini, lilijiweka kwenye nafasi ya 62. Waliofanya vizuri zaidi walijishusha kidogo. Wapo wanatakwimu wanaosema sehemu ya matokeo hayo inatokana na hesabu yenyewe na si tabia ya watu, na hoja yao ina uzito. Lakini nyani haoni kundule, na hilo halikuhitaji Cornell.

Basi kujipima hakuna maana?

Kuna maana, ila swali lako lazima libadilike. "Mimi ni mpasuaji mzuri?" ni swali ambalo kila jibu lake linatoka kwenye hali ya moyo wako siku hiyo. "Taneli yangu ya leo ilikuwa na kina kilekile kutoka mwanzo hadi kwenye konea, kioo cha mbele ya jicho?" ni swali lenye jibu. Mvuvi anayetua Mwaloni Kirumba anaweza kuapa kuhusu uzito wa sangara wake, lakini analipwa kwa mizani. Tafuta mizani yako. Ninazozijua zinazofaa ni fomu yenye maelezo ya kila hatua, video, uoni wa mgonjwa kesho yake, na daftari la matatizo. Hisia uliyotoka nayo thieta si mojawapo.

Fomu ya OSCAR ni ipi na inafanyaje kazi?

Ni fomu ya Baraza la Kimataifa la Oftalmolojia ya kupimia umahiri wa upasuaji wa macho. Kila aina ya upasuaji ina fomu yake, na ya SICS ipo. Upasuaji umekatwa vipande: kufunika jicho, kuandaa sklera, taneli, kuingia kwenye konea, kuanza na kukamilisha uwazi wa kifuko, kulegeza kiini kwa maji, kukitoa, kusafisha mabaki, kuweka lenzi, kufunga kidonda. Mwishoni kuna vipengele vya jumla, kama kuliweka jicho katikati ya hadubini, kulinda irisi (duara lenye rangi ndani ya jicho), na namna unavyoshika tishu.

Alama ni 2 kwa anayeanza kabisa, kisha 3, 4, hadi 5 kwa mahiri. Lakini thamani ya fomu haipo kwenye namba. Ipo kwenye maneno, kwa sababu kila alama imeelezwa kwa kitendo kinachoonekana. Fomu haikuulizi kama ulitoa kiini "vizuri". Inauliza kama kilitoka kwa jaribio moja au kwa majaribio mengi, na kama konea iliguswa. Ukiisoma kabla ya kuingia thieta, unajua unachotafuta kwenye jicho lililo mbele yako. Wengi huisoma baada ya upasuaji tu, tena harakaharaka wakisubiri sahihi ya mkufunzi.

Niijaze lini?

Siku hiyohiyo, kabla mkufunzi hajafungua mdomo. Akishasema "leo umejitahidi", alama zako zote zinapanda bila wewe kujua. Jaza yako, yeye ajaze yake bila kuiona, kisha ziwekwe pamoja mezani.

Kinachofuata ndicho ninachokithamini kuliko alama zenyewe: tofauti. Ukijipa 4 kwenye taneli na yeye akakupa 4, jicho lako la kuhukumu taneli limekaa sawa. Ukijipa 4 kwenye kutoa kiini na yeye akakupa 2, tena wiki tatu mfululizo, umegundua mahali usipojiona. Andika tofauti hizo hatua kwa hatua. Mtu mmoja anaweza kujijua vizuri sana kwenye taneli na akawa kipofu kabisa kwenye usafishaji wa mabaki. Na kama tofauti daima inaelekea upande mmoja, yaani kila mara unajishusha, hilo nalo ni kosa la kipimo. Anayejishusha huomba msaada pasipohitajika, na jicho linakaa wazi muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Tusilisifie eti ni unyenyekevu.

Ni hatua zipi zinazowadanganya watu zaidi?

Kwa ninavyoona, tatu.

Taneli ni ya kwanza. Kosa la taneli halipigi kelele linapotokea. Ukiichimba juujuu, paa lake linakuwa jembamba na linaweza kutoboka. Ukienda chini sana unaingia ndani ya jicho mapema na irisi inaanza kuchungulia. Lakini adhabu inakuja baadaye, kiini kinapokwama au kidonda kinapokataa kujifunga, na mwanafunzi anaandika kwamba tatizo lilikuwa kwenye kutoa kiini. Kila kiini kinapokwama, rudi nyuma kwenye video hadi kwenye taneli. Mara nyingi utaikuta imekuwa pana nje na finyu ndani.

Ya pili ni uwazi wa kifuko. Duara likikamilika, mtu anajipongeza hata kama ni dogo mno kwa kiini kilicho mbele yake. Kiini kikubwa cha kahawia kikilazimishwa kupita kwenye duara dogo, kinachovutika ni nyuzi zinazoshikilia kifuko chote. Umbo zuri si kipimo. Uliza kama ukubwa ulilingana na kiini, na kama uliamua ukubwa huo au ulitokea tu.

Ya tatu ni konea, ambayo hata si hatua. Kila mara kiini au kifaa kinapogusa upande wa ndani wa konea, seli zinapotea na hazizaliwi tena. Wewe ndani ya hadubini huoni kitu. Kesho yake konea imevimba, na wewe unalaumu lenzi ilikuwa ngumu. Hesabu migusano kwenye video. Inachosha kuihesabu, lakini hadi sasa sijaona njia nyingine inayofundisha haraka hivyo.

Rafiki yangu anamaliza jicho kwa dakika chache. Mimi bado. Nina tatizo?

Sijui, na yeye hajui. Muda ni kitu rahisi kupima, ndiyo maana watu wanaupenda. Tazama badala yake mizunguko ya bure: umeingiza kifaa mara ngapi bila kufanya lolote, umeomba visko, jeli ya kulinda jicho kwa ndani, mara ngapi. Hayo yakipungua, dakika zitapungua zenyewe.

Nikifikisha macho mangapi naweza kusema najua?

Nchi nyingine zimeweka namba. Marekani kima cha chini kwa mwanafunzi wa ubingwa ni macho 86 ya mtoto wa jicho akiwa mpasuaji mkuu. Uingereza kwa miaka mingi walidai 350 kabla ya kumaliza mafunzo. Namba mbili zilizoachana hivyo kwa upasuaji uleule zinakuonyesha kwamba hakuna aliyeiona ikiandikwa mbinguni.

Idadi inasaidia kama kila jicho limekuachia kitu. Na uwe mkweli kuhusu neno "nimefanya". Ulifungua na mkufunzi akatoa kiini? Andika hivyo. Daftari lisilotenganisha macho uliyomaliza mwenyewe na yale uliyoshikwa mkono litakudanganya wewe kwanza.

Video nitarekodi vipi? Hadubini yetu haina kamera.

Simu ya kawaida ikifungwa kwenye lenzi ya kutazamia ya msaidizi, kwa kishikio maalumu au hata cha kutengeneza, inatosha. Huhitaji picha ya sinema. Mambo matatu ya lazima: mgonjwa aridhie na idara iruhusu, uso na jina visionekane, na video isikae kwenye kundi la WhatsApp.

Itazame mara mbili. Mara ya kwanza siku hiyo, bila kusimamisha. Mara ya pili baada ya siku kadhaa, ukiwa umeshasahau ulivyojisikia, fomu ikiwa mkononi. Alama za mara ya pili huwa kali zaidi, na kwa kawaida huwa karibu zaidi na za mkufunzi. Kama huna muda wa kutazama zote, tazama ile ya siku uliyotoka ukipiga mluzi.

Macho ya mbuzi yanapima chochote?

Yanapima baadhi ya vitu. Kwa taneli na kushona ni mazuri sana, mradi yawe mabichi ya asubuhi hiyo kutoka machinjioni, maana konea huanza kupata ukungu mapema. Kwa kufungua kifuko yanakuonea: kifuko cha mbuzi mdogo kinavutika na mpasuko hukimbilia pembeni, kwa hiyo usikate tamaa. Kwa kutoa kiini cha kahawia hayakupimi chochote, kwa sababu mbuzi huyo hana mtoto wa jicho.

Mazoezi nje ya mgonjwa kwa ujumla yana ushahidi mzito, na umetoka kwetu. Jaribio lililochapishwa mwaka 2021 liliwahusisha madaktari wanaosomea macho kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Zimbabwe. Nusu yao walipata mapema mafunzo makali ya siku tano ya SICS kwa macho ya bandia, Cape Town, na sehemu ya mafunzo hayo ilikuwa kuyatafakari mazoezi yako mwenyewe na kuyarudia. Mwaka mmoja baadaye, kwenye wagonjwa halisi, kifuko cha nyuma, yaani ukuta wa nyuma wa kifuko cha lenzi, kilichanika kwa asilimia 7.8 ya upasuaji wa waliopata mafunzo hayo, na asilimia 26.6 kwa wenzao waliokuwa bado. Zisome namba hizo taratibu kabla hujasema huna muda wa kukaa na jicho la bandia.

Kifuko kikichanika nijihesabie, hata kama mkufunzi ndiye aliyekuwa ameshika?

Andika nani alikuwa ameshika, hatua gani ilikuwa inaendelea, na hatua gani ilitangulia. Kifuko cha nyuma kina unene wa maikrometa chache tu, na ukifanya upasuaji wa kutosha kitachanika mikononi mwako. Ukaguzi mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2009, wa upasuaji zaidi ya 55,000 kwa mashine, ulipata asilimia 1.92 kwa wapasuaji wote kwa pamoja, na wanaojifunza walikuwa juu ya waliobobea. Usijilinganishe nao moja kwa moja, lenzi zao si hizi za kwetu.

Jilinganishe na wewe wa miezi iliyopita. Ila kumbuka hesabu ndogo: kwenye macho kumi, kifuko kimoja ni asilimia kumi, na hiyo asilimia haina maana yoyote bado. Swali la maana kwenye macho kumi ni kama ulitambua mapema kwamba kimechanika, ukasimamisha mkono, ukaomba msaada. Anayetambua na kusimama amefanya upasuaji wa kiwango cha juu kuliko anayeendelea kusafisha huku ute wa ndani ukivutwa nje.

Mgonjwa akifunguliwa bandeji kesho yake na haoni vizuri, ni mimi?

Labda. Pima uoni kwa chati, kisha kwa kitundu, yaani akitazama kupitia tundu dogo. Ukipanda kwa kitundu, tatizo linaweza kuwa nguvu ya lenzi iliyochaguliwa, na hilo ni suala la vipimo vya kabla. Usipopanda, angalia konea, angalia nyuma ya jicho. Kuna njia ya zamani inayogawa matokeo mabaya mafungu manne: ugonjwa mwingine uliokuwepo tangu awali, upasuaji wenyewe, kukosa miwani, na matatizo ya baadaye. Kila jicho baya liingie kwenye fungu moja, na ni vizuri mkufunzi athibitishe, kwa sababu fungu la "ugonjwa uliokuwepo" huvutia sana wanaojifunza.

Viwango vya Shirika la Afya Duniani vya 1998 vilitaka angalau asilimia 80 ya macho yaliyofanyiwa upasuaji yaone 6/18 au zaidi (kusoma kwa mita 6 kile ambacho jicho zima linasoma kwa mita 18), na yanayobaki chini ya 6/60 yasifike asilimia 5. Siku hizi kizingiti cha uoni mzuri kimepandishwa hadi 6/12.

Kikwazo chetu ni marudio. Wa Sengerema siku hizi anavuka kwa daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lakini wa Ukerewe bado anasubiri meli, na akishaona haoni sababu ya nauli. Hapa kuna nafuu: utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kutoka hospitali za Asia, Afrika na Amerika ya Kilatini ulionyesha kwamba uoni wa siku za mwanzo, kabla mgonjwa hajaondoka, unatosha kupima ubora wa huduma ya hospitali hata kama wachache ndio watakaorudi. Ulipima hospitali, si daktari mmoja mmoja, lakini kwako pia ni bora kuwa na namba ya kesho yake kwa wagonjwa wote kuliko ya mwezi wa pili kwa wachache walioridhika.

Mkufunzi wangu husema "vizuri" tu. Nifanyeje bila kumkosea adabu?

Mpe swali dogo. Ukimwuliza "Dokta, nimefanyaje?" atakujibu "vizuri" kwa sababu foleni bado ni ndefu. Mwambie: "Dokta, kwenye kutoa kiini naona nimegusa konea mara mbili. Naomba uniambie, nilikosea pembe au taneli ilikuwa finyu?" Sasa ana kitu cha kujibu, na ameona kwamba umeshajikagua. Sijamwona bosi aliyechukia swali la namna hiyo.

Na kuna sista. Nesi wa thieta aliyewapokea madaktari wengi kabla yako anajua kila kitu: umebadilisha kisu mara ngapi, umeomba visko kiasi gani, lini ulianza kupumua kwa nguvu. Mwamkie vizuri, mwulize mkiwa mnahesabu vifaa. Maoni yake hayamo kwenye fomu yoyote, ila mimi nayaweka juu ya maoni ya wanafunzi wenzako.

Mkono wangu unatetemeka. Niache?

Usiache. Egemeza viganja, rekebisha kiti, lala usiku, punguza kahawa. Hadubini inakuza mtetemo ambao kila binadamu anao.

Mgonjwa akiniuliza nimeshafanya wangapi?

Mwambie kweli. Bibi kutoka Magu akisema, "Mjukuu wangu, wewe umeshafanya wangapi?", jibu lake ni hili: "Bibi, nimeshafanya kadhaa, bado najifunza, na mwalimu wangu anakaa nami mwanzo hadi mwisho. Ikibidi anashika yeye." Wengi wanakubali. Asiyekubali ana haki yake, na usimnunie.

Kumbuka pia kwamba amechomwa ganzi ya jicho tu, masikio yanafanya kazi. Kujikosoa kwa sauti katikati ya upasuaji ni kumtisha. Kubaliana na mkufunzi maneno machache tulivu ya kusema "simama" na "nipe nafasi", mengine yasubiri nje.

Nimerudi kutoka likizo ndefu. Nianzie pale nilipoachia?

Hapana. Fanya kwanza macho kadhaa ya mazoezi, tazama video zako za mwisho, kisha omba mgonjwa mwenye mboni inayopanuka vizuri na lenzi isiyo ngumu sana, mkufunzi akiwa kwenye kiti cha msaidizi. Jaza fomu kama kawaida. Alama zikishuka kidogo, ndivyo inavyokuwa. Ziandike na tarehe.